Kabla ya kuinuka kwenye kompyuta ya saiba

Kwa miaka sita nilihudumu katika saiba moja, yaani duka la kukodisha kompyuta na intaneti, karibu na Mwembe Tayari mjini Mombasa, na kilichonihuzunisha zaidi katika muda huo ni vitu ambavyo wateja walikuwa wakiviacha nyuma yao bila kujua. Kila jioni, kabla ya kuzima kompyuta, nilikuta nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za hospitali na taarifa za benki zimelala kwenye folda ya faili zilizopakuliwa, na mara nyingine barua pepe ya mtu ikiwa wazi vilevile alivyoiacha. Nilifuta nilichokiona. Hata hivyo, tangu asubuhi watu wengine wengi walikuwa wameshakaa kwenye viti hivyohivyo, na yeyote kati yao angeweza kuyasoma yote hayo bila ujuzi wowote.

Siku moja mzee mmoja wa Majengo alikuja kuchapisha hati zake za ardhi. Zilikuwa kwenye WhatsApp, basi akaiunganisha simu yake na kompyuta yetu kwa kuielekeza kamera kwenye ile alama ya mraba inayotokea kwenye kioo. Tukachapisha, akalipa, akaenda zake. Baada ya siku mbili alirudi, uso umemshuka, akaniambia, "Mwanangu, kuna mtu anazungumza na jamaa zangu kwa jina langu." Mtu aliyekaa pale baadaye alikuwa ameikuta WhatsApp ya mzee ikiwa wazi, akawaandikia ndugu zake akiomba pesa za dharura, na mjukuu mmoja alikuwa amekwishatuma. Nilimwomba mzee radhi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ile na sikumwambia aitenganishe simu yake kabla hajainuka.

Watu wengi hudhani kwamba ukiondoka na simu yako, WhatsApp nayo imeondoka nawe. Sivyo inavyofanya kazi. Kompyuta iliyounganishwa huendelea kupokea na kutuma ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa, na muungano huo hukatika wenyewe simu inapokaa zaidi ya siku 14 bila kutumiwa, jambo ambalo ni nadra. Kwa hiyo, ukiwa bado kitini, fungua mipangilio ya WhatsApp kwenye simu yako, uingie kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uguse jina la kompyuta ile na uiondoe. Ikiwa uliwahi kuchapisha saibani mwezi uliopita na hukumbuki ulivyomaliza, itazame orodha hiyo leo.

Barua pepe na tovuti nyingine zina jambo kama hilo. Unapoingia kwenye akaunti, tovuti huweka alama ndogo ndani ya kivinjari, iitwayo kuki, ili isikuulize neno la siri kila ukigusa ukurasa mpya. Ukifunga dirisha tu, mara nyingi alama hiyo hubaki, na anayefungua tovuti ileile baada yako hupokelewa kana kwamba ni wewe. Tafuta kitufe cha kutoka kwenye akaunti na ukibonyeze. Afadhali zaidi, anza kazi yako katika dirisha la faragha, ambalo husahau kuki na historia pale unapoyafunga madirisha yote ya aina hiyo, ingawa halifuti faili ulizopakua. Kivinjari kikikuuliza kama kikuhifadhie neno la siri, kikatalie. Na ukikumbuka ukiwa tayari ndani ya matatu kwamba Gmail umeiacha wazi, ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu, ufungue sehemu ya usalama, utazame vifaa vyako na ukiondoe kile usichokitaka.

Liko jambo jingine ambalo wateja hawalioni kabisa. Mwezi wa Juni, watu wanapokimbilia kuwasilisha ripoti za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya tarehe 30 kupita, mhudumu mwenye haraka humfungulia mteja akaunti kwa kutumia anwani ya barua pepe ya saiba, kwa sababu mteja hana yake au ameisahau. Mwaka unaofuata mteja amesahau neno la siri, na kiungo cha kulibadilisha kinatumwa kwa mtu mwingine, ambaye huenda ameshaacha kazi. Nakusihi, usikubali. Fungua barua pepe yako mwenyewe kwanza, hata kama foleni ni ndefu, na uhakikishe kwamba namba ya simu iliyoandikwa ni yako.

Barua pepe hiyo ndiyo inayostahili neno la siri gumu kuliko yote, kwa sababu aliyeishika anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya akaunti zako nyingine. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe, na usiyatumie mahali pengine. Laini ya simu nayo ifungwe kwa namba yake ya siri, tofauti na ile ya kufungulia kioo. Simu ikiibwa katika msongamano wa kivuko cha Likoni, mwizi huitoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine ili apokee namba za uthibitisho. Laini iliyofungwa hujizuia baada ya kukosea mara tatu, mpaka iwekwe PUK, namba maalumu ya kuifungulia. Ndani ya WhatsApp weka pia uthibitishaji wa hatua mbili, wenye namba sita unazozichagua wewe.

Mwisho, usione haya kumwambia mhudumu akufutie nakala zako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, kwa hiyo unaomba kilicho chako. Simama karibu naye utazame: kwanza ile folda ya faili zilizopakuliwa, kisha pipa la taka la kompyuta, maana faili iliyofutwa huweza kukaa humo, na kurudishwa, mpaka pipa limwagwe.