Jibu: Ruta ya laini ya simu kupungua kasi jioni

Ndugu, umeeleza kwamba ruta yako ya 4G hapo Umoja hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini kuanzia saa moja jioni video hukwama, na ukauliza kama ununue ruta nyingine. Kwa maoni yangu, usinunue bado. Mnara mmoja hugawa uwezo wake kwa wote waliounganishwa nao, na katika mtaa wenye ghorofa zilizobanana kama huo, watu wanaporudi kutoka kazini kila mmoja hubaki na fungu dogo, hata kama ruta inaonyesha mawimbi kamili.

Hata hivyo, fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta utazame nguvu ya mawimbi: ikiwa karibu na -110 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; hapo ni dhaifu), tatizo pia ni mahali ulipoiweka, kwa sababu kuta za mawe na zege huzuia mawimbi, hasa ya masafa (frikwensi) ya juu kama 2600 MHz. Isogeze dirishani, upande unaoelekea mnara. (Yangu ilikaa nyuma ya televisheni mwaka mzima!) Kisha pima kasi saa kumi alfajiri na saa mbili usiku, tofauti ikibaki kubwa, jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kulipia kifurushi cha mwezi.