Anza Hapa

Mhariri hakuwa na maneno mengi. Alipitisha kalamu nyekundu juu ya aya zangu mbili za kwanza, kona hadi kona, kisha pembeni mwa aya ya tatu akaandika maneno mawili: "Anza hapa."

Nilikasirika. Aya zile mbili zilikuwa zimenila asubuhi nzima. Makala ilihusu kukosa usingizi, na nilikuwa nimeifungua hivi:

"Usingizi ni jambo muhimu sana katika maisha ya mwanadamu. Tangu enzi na enzi, binadamu amehitaji kulala ili kuupumzisha mwili na akili. Hata hivyo, katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia, watu wengi wanakabiliwa na tatizo la kukosa usingizi."

Hapo hakuna uongo hata chembe. Ila hakuna pia neno moja ambalo msomaji hakuwa nalo kabla hajafungua ukurasa. Sasa itazame aya ya tatu, ile niliyoiandika haraka haraka bila kuifikiria sana:

"Saa nane na dakika kumi usiku. Nimekaa ukingoni mwa kitanda napiga hesabu: nikilala sasa hivi, nitapata saa tatu na nusu kabla kengele haijalia."

Niliisoma mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili bila hasira, na mara ya tatu nikaona aibu. Yeyote aliyewahi kukosa usingizi anaijua hesabu hiyo. Ameipiga mwenyewe, gizani, na kila akiirudia jibu linapungua.

Tangu siku hiyo nimefukua makala zangu za zamani moja moja, na karibu zote zina ugonjwa huohuo: mwanzo wa kweli umejificha kwenye aya ya tatu au ya nne. Kilichotangulia ni kukohoa tu, kuvuta kiti, kurekebisha kola. Sisemi kukohoa hakuna kazi. Kunamsaidia mwandishi apate sauti yake. Kosa ni kumkaribisha msomaji aje kusikiliza kikohozi.

Nadhani tulilipata hili darasani. Insha ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, na katika utangulizi ulitakiwa ufafanue mada kwanza ndipo upate alama. Mwalimu alikuwa hana budi kusoma hadi mwisho, hata uandike nini. Anayekusoma kwenye simu hana mkataba huo na wewe. Kidole chake kiko juu ya kioo tayari.

Kwa hiyo siku hizi siumizi kichwa na sentensi ya kwanza. Naandika chochote kinachokuja, hata "usingizi ni jambo muhimu sana", ili mradi mkono usogee. Makala ikiisha ndipo narudi juu na kuteremka polepole, nikitafuta mahali ambapo jambo lenyewe linaanza kutokea. Nikipapata, yote yaliyo juu yake nayakata na kuyabandika chini kabisa ya ukurasa. Sifuti mara moja, maana moyo unauma. Nayaacha huko chini siku moja, na kesho yake huwa siyakumbuki.

Wala hili si jambo la juzi. Horace, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 8 K.K., alimsifu Homer, mtunzi wa utenzi wa Kigiriki uitwao Iliad, kwa sababu hakuisimulia vita ya mji wa Troy tangu kwenye yai. Yai lenyewe ni la hekaya: ndilo alilototolewa Helen, mwanamke ambaye kutoroshwa kwake kuliwasha vita. Homer aliliruka yai, akairuka ndoa, akauruka utoro wenyewe, akairuka na miaka tisa ya mapigano, akaja kuanzia mwaka wa kumi. Tena neno la kwanza kabisa la utenzi huo, kwa Kigiriki, ni "hasira". Huelezwi vita ni nini. Unakuta watu wawili wa upande mmoja wameshagombana.

Mimi nikikwama huwa najiuliza: yai langu liko wapi? Huwa liko sentensi ya kwanza, limetulia.

Kuna maneno ambayo nimeyapiga marufuku kabisa mlangoni mwa makala zangu. "Katika ulimwengu wa sasa." "Kama tunavyojua." "Kwa mujibu wa kamusi." Kama tunajua, basi unaniambia ya nini? Na "wahenga walisema" nimeiondoa pia, ingawa methali nazipenda kuliko watu wengi. Methali ni sentensi iliyokwisha kumalizwa na mtu mwingine. Msomaji akikutana nayo mlangoni anatikisa kichwa kwa adabu na kupita. Iweke katikati, pale anapoanza kukubishia, utaona inavyofanya kazi.

Kuhusu "Je, umewahi kujiuliza…?" nina ugomvi nayo wa siku nyingi. Ukimuuliza mtu swali la ndiyo au hapana, umempa haki ya kujibu hapana na kwenda zake. "Je, umewahi kujiuliza kwa nini mto wa kulalia hubadilika rangi?" Hapana, kwaheri. Swali mlangoni linafaa pale tu ambapo msomaji akijaribu kulijibu anagundua kwamba jibu alilodhani analo halitoshi. Maswali ya namna hiyo ni machache, na mimi hupata moja kwa mwaka, pengine.

Habari za magazeti zina sheria yake, na hapo sibishani. Jengo likianguka huanzi na jua lililochomoza. Unaanza na jengo, na watu waliokuwamo. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi: lenye uzito zaidi juu, mengine chini kwa kadiri uzito unavyopungua, ile inayoitwa piramidi iliyopinduliwa. Wahariri wengi watakutaka sentensi hiyo ya kwanza isizidi maneno 30 au 35. Wanaoanza kazi hujaribu kuyabana maswali yote sita humo, matokeo yake ni sentensi iliyojaa kama gunia, mpaka mshono unafumuka. Chagua mawili au matatu. Mengine yatasubiri sentensi ya pili bila kuchukia.

Lakini makala ya ushauri, ya maoni au ya kisa ina nafasi zaidi, na nafasi ndiyo inayotuponza. Wakati mmoja nilikuwa naandika kuhusu umuhimu wa kuweka nakala za mafaili. Jaribio la kwanza: "Kuhifadhi nakala za mafaili ni jambo la msingi kwa kila mtumiaji wa kompyuta." Kikohozi. Jaribio la pili: "Je, umewahi kupoteza mafaili yako?" Tumeshalisema hilo. Jaribio la tatu nikaamua kueleza kilichonipata:

"Kesho yake asubuhi nilitakiwa kukabidhi kurasa 212, lakini kompyuta ilitoa mlio wa ajabu, kama mtu anayemeza mate kwa shida, kisha ikazimika."

Afadhali. Ila isome kwa sauti. Mtu anayemeza mate ameingia kwa sababu niliona ni tamathali nzuri, basi. Anasimama kati ya msomaji na kompyuta. "Wa ajabu" nayo haisemi kitu: ajabu ya namna gani? Na kurasa 212, ambazo ndizo maumivu yenyewe, nimezitoa mwanzoni kabla msomaji hajajua kwamba zimo hatarini. Nikapindua:

"Kompyuta ilitoa mlio mmoja, ikazimika. Ndani yake mlikuwa na kurasa 212 nilizotakiwa kuzikabidhi kesho yake asubuhi."

Hakuna nilichoongeza. Nimemfukuza mmeza mate, nikasogeza kinachouma hadi mwisho, mahali ambapo sentensi inapumzika na neno la mwisho linabaki sikioni. Nusu saa nzima kwa sentensi mbili, na sikuijutia.

Kuna mtego mmoja hapa, nami nimenaswa. Ukishajua kuanza na tukio, unaanza kuyatafuta matukio makali hata pale yasipohitajika. Niliwahi kufungua makala kwa ajali: breki, vioo, kimya. Aya ya pili ikawa ni jinsi ya kujaza fomu za bima bila kukosea. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba nilimfungulia mlango wa chumba kimoja nikamwingiza chumba kingine. Alisema kweli. Ningeweza kuanza na mtu aliyekaa mbele ya fomu, kalamu mkononi, hajui kisanduku cha nne kinataka tarehe ipi. Si kali, lakini ndicho chumba chenyewe. Tangu hapo, baada ya tukio la mwanzo, naweka mapema sentensi moja inayomwambia msomaji waziwazi nampeleka wapi. Ikishindikana kuiandika sentensi hiyo, najua tukio si la makala hii.

Kipimo changu cha mwisho ni dada yangu. Namsomea aya ya kwanza kwa sauti, halafu nanyamaza. Akisema "vizuri", nimeshindwa. "Vizuri" ni neno la mtu anayetaka kurudi kwenye shughuli zake. Ninachokitafuta ni "ehe?" Mara nyingine hata hasemi, anaacha tu alichokuwa anakifanya na kunitazama, na hapo najua nikifunga daftari atanigombeza. Yeye si mwandishi, na makala zangu nyingi hazimhusu hata kidogo, ndiyo maana namwamini.

Kuna moja tu ambayo hakuniambia "ehe" wala "vizuri". Nilimsomea mwanzo, akauliza, "Kwani unataka kusema nini?" Nikamsomea mwanzo mwingine. Akauliza vilevile. Nikarudi chumbani nikiwa na hakika kwamba tatizo ni sentensi ya kwanza, nikaandika nyingine, na nyingine. Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba swali lake sikuwa na jibu lake. Faili hilo bado ninalo. Lina mianzo 11, na chini ya mianzo hiyo hakuna kitu.