"Remove" si "ondoa" kila mahali

SWALI: Natafsiri maelekezo ya jiko la umeme. Kila penye "remove" nimeweka "ondoa", lakini mhariri amenirudishia kazi akisema haisomeki kama Kiswahili. Kosa liko wapi?

JIBU: Maana umeipata, kitenzi ndicho hukukichagua. Kiingereza hutumia "remove" kwa karibu kila kitu, kisha "from" ikaeleza kilikuwa wapi. Kiswahili hutazama kwanza kitu kimeshikiliwaje. Plagi huchomolewa, lebo hubanduliwa, jino na msumari hung'olewa, viatu huvuliwa. "Remove the pan from the heat" ni "epua sufuria", basi. Moto umo ndani ya kitenzi. Ukiongeza "kutoka motoni" unajirudia.

Ukikwama, tafuta kitenzi cha kuweka, kisha ukigeuze: chomeka, chomoa; bandika, bandua; funika, funua. Si vyote vinavyotii, maana sufuria huinjikwa lakini huepuliwa. "Ondoa" ibakize kwa vikwazo, shaka, harufu, na kiongozi aliye madarakani. (Kwa kiongozi kipo pia "uzulu", ila siku hizi wengi wanakijua kwa "jiuzulu" tu.)

SWALI: Je, "toa" nikiipeleka Kiingereza inakuwa "remove"?

JIBU: Mara chache. Kutoa pesa benki ni "withdraw", kutoa 3 katika 10 ni "subtract", kutoa kitabu mkobani ni "take out". "I removed a book from my bag" ni sahihi kisarufi, lakini inasikika kama taarifa ya polisi. Kutoa doa, hapo sawa: "remove a stain". Usiandike "remove out"; "from" inatosha.

SWALI: Kwenye simu, "remove" na "delete" zina tofauti?

JIBU: Ndiyo, na ukizichanganya unaweza kupoteza data. Kwenye iPhone, "Remove App" hukupa njia mbili: kufuta programu yenyewe, au kuiondoa kwenye skrini ya mwanzo huku ikibaki ndani ya simu. Kwa "delete" andika "futa", kwa "remove" andika "ondoa".

SWALI: "First cousin once removed" ni binamu aliyetengwa na ukoo?

JIBU: Hapana. "Once removed" ni tofauti ya kizazi kimoja: mtoto wa binamu yako, au binamu wa mzazi wako. Kiingereza hakisemi ni yupi kati yao, kwa hiyo soma habari nzima kabla ya kutafsiri.