Nashtuka usiku moyo ukienda mbio, vipimo vyote vinasema mzima. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34. Miezi minne iliyopita nilishtuka usingizini kama saa nane usiku, moyo unadunda kama unataka kutoka, jasho linanitiririka, vidole vimekufa ganzi, pumzi haitoshi. Nilijua nakufa. Nilikimbizwa hospitali nikapimwa moyo, damu, presha na thairoidi, majibu yote mazuri. Tangu hapo imenirudia mara sita au saba. Sasa nalala nimeegemea mito mitatu, simu mkononi. Naingia kitandani saa tatu ili nifidie usingizi, lakini naupata saa sita na nusu, na saa kumi na mbili niko macho. Nilipewa dawa za usingizi za wiki mbili. Zilinisaidia, zilipoisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Je, moyo wangu una tatizo ambalo halijaonekana? Na nitapataje usingizi?

JIBU: Marahaba. Nianze na moyo, maana najua hutasoma mengine vizuri kabla ya hilo.

Ulichoeleza ni shambulio la hofu, na kwamba linakukuta usingizini si ajabu. Halitokani na ndoto mbaya. Kwa kawaida huja saa moja hadi tatu baada ya kulala, mwili unapotoka usingizi mwepesi kuingia ule mzito. Wewe unalala saa sita na nusu, unashtuka saa nane. Hesabu inakubali. Tezi za adrenali zimemwaga homoni ya kukuandaa kukimbia au kupigana, na kitandani hakuna wa kupigana naye. Kilele chake hufika ndani ya dakika kumi hivi, kisha kinashuka, ufanye kitu au usifanye.

Ganzi ya vidole inaeleza mengi. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno. Ikipungua kwenye damu, vidole na midomo hufa ganzi, mishipa ya damu ya ubongo hubana kidogo ukasikia kizunguzungu, na cha kushangaza zaidi, unahisi huna hewa. Basi unavuta zaidi, na unazidi kuharibu. Oksijeni wakati huo unayo ya kutosha. (Wale wanaoshauri kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, waache. Kama tatizo lingekuwa pumu au moyo, mfuko ungekudhuru.)

Kipo kitu kimoja ningependa uthibitishe kabla hujafunga suala la vipimo: muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika kimya, halafu unashtuka ukihema. Ikiwa ndivyo, hilo ni tatizo la njia ya hewa na lina kipimo chake. Na maumivu ya kifua yanayokuja unapopanda ngazi au kufanya kazi nzito, au kuzimia, hayo yarudishe hospitali bila kusubiri. Nje ya hayo, kurudia kipimo cha moyo kila mwezi hakutakutuliza. Kutakutuliza siku tatu.

Shambulio la kwanza lilikuwa bahati mbaya. La pili na kuendelea lina mlezi. Mwanasaikolojia David Clark wa Uingereza alilieleza vizuri mwaka 1986: mtu anasikia badiliko dogo mwilini, analitafsiri kuwa ni balaa, hofu inapanda, hofu yenyewe inaongeza lile badiliko, naye anaona kumbe tafsiri yake ilikuwa sahihi. Sasa angalia ile mito mitatu. Kila asubuhi ukiamka mzima, akili haikuambii kwamba hakukuwa na hatari. Inakuambia mito imekuokoa. Simu mkononi ni vivyo hivyo, na ninavyowajua wagonjwa wangu, nadhani una vidole viwili shingoni vinavyohesabu mapigo kabla ya taa kuzimwa. Mlinzi akisimama getini kila usiku, nyumba nzima itaamini wezi wapo.

Kwa hiyo matibabu yenye nguvu hapa yanakwenda kinyume na unavyotamani. Hatukufundishi kuukimbia mpigo wa moyo, tunakuzoesha nao. Mchana, ukiwa na nafasi, chukua mrija mwembamba wa kunywea, bana pua, pumua kwa mrija huo tu kwa dakika moja. Utasikia ile ile hali ya kukosa hewa. Siku nyingine kimbia papo hapo ulipo kwa dakika moja mpaka moyo uende mbio. Ukimaliza usilale, usinywe maji, usimpigie mtu. Kaa tu uutazame moyo ukishuka wenyewe. Rudia mara kadhaa kwa siku mpaka zoezi likukinaishe. Kukinai huko ndiko tunakokutafuta. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba asilifanye kabla ya kuzungumza na daktari wake, na ukipata mtaalamu wa saikolojia wa kulisimamia, ni bora zaidi.

Usiku likikukuta, kaa kitako, acha lipite. Unaweza kutoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta, mfano kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa sita. Ila nakuonya kidogo: ukiishika pumzi hiyo kama silaha ya kufukuza kifo, umeongeza mto wa nne.

Kuhusu usingizi wenyewe, unakaa kitandani kwa muda wa saa tisa ili upate usingizi wa saa tano na nusu. Hizo tatu na nusu zilizobaki unajifunza kitu: kwamba kitanda ni mahali pa kukesha na kuogopa. Mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alitoa dawa ya hili mwaka 1972, na haijachakaa: kitandani uende ukiwa umesinzia kweli, na usingizi ukikataa kwa muda unaokisia ni dakika 20, ondoka, kaa kwingine kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Kisia tu; saa igeuze ukutani. Mimi ningekuwekea pia mpaka: usiingie kitandani kabla ya saa sita usiku, uamke saa kumi na mbili kila siku, Jumapili ikiwemo, bila kujilaza mchana. Ukifika mahali unalala zaidi ya saa tano kati ya hizo sita kwa wiki nzima, ongeza dakika 15. Wiki ya kwanza utakuwa na usingizi mchana na utanilaumu. Usiendeshe gari wala mashine ukiwa hivyo, na kama umewahi kuwa na kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, usijaribu mpaka huu peke yako.

Kahawa ya saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Pombe hulaza haraka kisha huvunja usingizi wa alfajiri.

Dawa. Zile za jamii ya diazepamu hufanya kazi haraka, na hapo ndipo mtego ulipo: zikiondoka, usingizi na hofu vinaweza kurudi kwa nguvu kwa siku kadhaa, mtu akaamini hawezi kuishi bila hizo. Kilichokupata huenda ndicho hicho, si ugonjwa kukua. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla. Zipunguzwe na daktari. Zipo dawa nyingine, kama setralini, zinazotibu hofu bila utegemezi wa namna hiyo. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo, kwa hiyo huanzwa kwa dozi ndogo. Kama mazoezi hayatabadilisha kitu ndani ya wiki sita hivi, lizungumze na daktari wako. Na ukiona huzuni imekuganda au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usisubiri hata wiki moja. Mwambie mtu wa karibu na ufike hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki hii ondoa mto mmoja. Simu iweke chumba kingine wiki ijayo, na uniandikie usiku wa kwanza ulikuwaje.