Saini ya mwenyekiti wa mwalo haitoshi

Ndugu, umeuliza kama ruhusa ya mwenyekiti wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo, mahali mitumbwi inaposhusha samaki) inatosha kuanza utafiti shirikishi na kina mama wa dagaa, ambao watapiga picha za kazi yao wenyewe. Haitoshi, hata ukiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania. Ridhaa ni ya kila mshiriki, na aliyeteuliwa na mwenyekiti huona vigumu kukataa. Tangaza mwenyewe, waje wanaotaka.

Hatari kubwa ni picha. Mama anapiga picha chanja lake la kuanikia dagaa, kumbe nyuma linaonekana kokoro, wavu wa kukokota ambao ni haramu, na namba ya mtumbwi ubavuni. Ukiibandika siku ya mrejesho mbele ya ofisa uvuvi, umemchongea jirani yake, na lawama zitabaki kwa mama huyo wewe ukishapanda basi. Kwa hiyo omba ridhaa mara tatu: kabla ya kugawa kamera, kwa kila anayeonekana usoni, kisha kwa picha moja moja kabla haijatoka nje ya kikundi. Mtu akisema "hii itoe", itoe bila kumuuliza sababu.

Usiahidi siri kamili. Katika kikundi cha watu 10 huwezi kuzuia midomo. Waambie hivyo mapema.

Nauli iwe sawa kwa wote, na anayejitoa asidaiwe kuirudisha.

Mama akianza kueleza kwamba hudaiwa ngono ndipo auziwe samaki, simamisha mahojiano. Usichimbe. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye uwe umeshaongea naye kabla ya kikao cha kwanza.