Altrasaundi safi haitoshi kuondoa shaka ya kongosho

Pole sana ndugu yangu, na mfikishie mama pole. Umeuliza kama altrasaundi safi ya tumbo inamaanisha hana uvimbe wa kongosho, wakati alfajiri anatoka jasho, anachanganyikiwa, na akinywa chai ya sukari anarudi sawa.

Haimaanishi hivyo. Nafanya kazi ya picha za mionzi hapa Kigoma mjini. Uvimbe unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, mara nyingi hauzidi sentimita 2, na kongosho limejificha nyuma ya tumbo na utumbo wenye gesi. Gesi inazuia mawimbi ya sauti.

Ila msikimbilie mashine. Damu kwanza! Apimwe sukari, insulini na C-peptaidi (kipande kinachotoka pamoja na insulini ambayo mwili wenyewe umeitengeneza) wakati dalili zimemshika, au alazwe afunge kula chini ya uangalizi, hadi saa 72. Hakikisheni pia hajameza dawa za kisukari za mtu mwingine, hutokea.

Majibu yakielekeza huko, siti skani iwe ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, na daktari aandike wazi kwenye fomu anachotafuta. Uvimbe huu una damu nyingi, mara nyingi hung'aa zaidi dawa inapopita kwenye ateri. Picha ikichelewa, unaweza kupotea machoni. Usipoonekana, kuna emarai (MRI, picha ya sumaku), na kuna altrasaundi inayopitishwa mdomoni hadi jirani kabisa na kongosho.

Mkipewa rufaa ya Bugando au Muhimbili, njia ni ndefu. Asisafiri peke yake, na glukosi iwe mkononi, siyo ndani ya begi.