Peptaidi Zako ni za Kirusi cha Wapi?

Alhamisi usiku, taa nimeshazima, simu ikalia. "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Nimeanza uzamili wa elimu ya kinga. Msimamizi anataka nifanye mwitikio wa kinga dhidi ya aina mbalimbali za VVU. Wenzangu wananicheka, wanasema chanjo zote zimefeli, nitazeeka bila kazi. Nikubali au nihamie malaria?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa sauti, nikafika dakika ya kumi na moja nikajifuta mwenyewe. Ngoja niandike. Na kwa kuwa najua wengi mnaopita hapa mnatafuta hicho hicho, digrii, makala yenye jina lako mbele na tiketi moja ya kongamano la nje, basi hii ni yenu wote.

Malaria usihamie. Malaria nayo ina visa vyake, waulize walioko huko. Ila kabla hujakubali hiyo mada nataka ujue jinsi nilivyoaibika nayo.

Mimi nilianza na sanduku la bure. Nilikuwa mwanafunzi, fedha za utafiti hakuna, na msimamizi wangu akafungua friza, akavuta kisanduku kilichobakizwa na mradi uliokwisha, akasema, "Chukua hizi, zinatosha." Nilishukuru kama nimepewa kiwanja. Kwenye kifuniko paliandikwa kwa wino mweusi: Gag, B. Gag nilijua ni protini ya ndani ya kirusi. Hiyo B sikuipa maana yoyote. Nilidhani ni herufi ya rafu.

Kwa wasio wa maabara, kazi yenyewe ni hivi. Unaziamsha chembe nyeupe za damu zilizolala kwenye naitrojeni kimiminika, unazigawa kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, unazimwagia peptaidi, yaani vipande vifupi vya protini ya kirusi. Seli T, askari wa kinga, inayokitambua kipande hutoa interferoni gama, kemikali ya ishara, na kesho yake, ukishapaka rangi, pale ilipokaa panabaki doa. Kipimo kinaitwa ELISPOT. Unahesabu madoa. Nimehesabu madoa mpaka nikawa nayaona kwenye kanga ya mama.

Sampuli zilikuwa za watu wa kwetu wanaoishi na VVU. Baadhi zikatoa madoa mazuri. Nyingi zikatoka nyeupe, hazina tofauti na kisima kisichowekwa kitu. Nikaandika kwenye tasnifu, kwa mkono huu huu, kwamba washiriki hao "hawana mwitikio wa kinga dhidi ya Gag". Nikaongeza na aya nzima kueleza kwa nini, pengine lishe, pengine minyoo. Minyoo! Leo nikiisoma aya ile natamani ardhi ipasuke.

Siku ya kutetea nilivaa gauni jipya. Nilizungumza dakika ishirini bila kukwama, mwenyewe najisikia. Kisha mzee mmoja wa jopo, mpole kabisa, akainua mkono.

"Binti, hizi peptaidi zako ni za kirusi cha wapi?"

Nikajibu, "Za VVU, profesa."

Watu wakacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani, ndicho kibaya zaidi. Nikamtazama msimamizi wangu, yule aliyenipa sanduku kwa mkono wake. Alikuwa anaangalia simu. Nimemsamehe. Walau huwa nasema nimemsamehe.

B ni aina ya kirusi iliyoenea Marekani na Ulaya Magharibi, na vitendanishi vingi vya mwanzo vilitengenezwa kwa kuifuata kwa sababu maabara zenye fedha ziko huko. Sisi huku si B. Tanzania tunazo A, C na D, na juu yake machotara: kirusi kimoja chenye kipande cha C na kipande cha D, kwa sababu mtu mmoja aliambukizwa mara mbili na virusi vikachanganya jeni ndani ya seli moja. Kuna mseto wa C na D, CRF10_CD, ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Tanzania. Mbeya, ambako wahudumu wa baa wapatao 600 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, machotara walikutwa kwa wingi. Uganda na Kenya A imetawala, na D ipo. Kusini mwa Afrika na Ethiopia ni C, ambayo peke yake hubeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani. Kinshasa, ambako kundi hili kubwa la virusi lilianza kusambaa tangu mapema karne ya 20, kuna karibu kila kitu.

Tofauti zenyewe si za kupuuza. Kimeng'enya kinachonakili jeni za kirusi hiki hakirudi nyuma kusahihisha makosa, kwa hiyo kila kizazi kinazaliwa na kasoro, na kasoro nyingine zinakisaidia kujificha. Protini ya ganda, Env, inaweza kutofautiana hadi asilimia 35 kati ya aina moja na nyingine. Gag, protini ya ndani, inabadilika kidogo zaidi, maana ikibadilika ovyo kirusi chenyewe kinalemaa. Lakini kidogo si sawa na hakuna. Seli T hutambua kipande cha viungo vichache vya protini (asidi amino), kama tisa hivi. Kimoja kikibadilika mahali pabaya, seli iliyofunzwa na C inaweza kukipita kipande cha B kama mgeni asiye na jina.

Kwa hiyo wale washiriki wangu walikuwa na mwitikio. Mimi ndiye niliyewauliza kwa lugha isiyo yao.

Miaka iliyofuata, ya maombi ya fedha, vibali vya maadili na barua zisizojibiwa, siisimulii. Itoshe kusema nilipata peptaidi za A, C na D, kwa kuomba, na msisonye, kuna dada wa maabara nyingine aliyenigawia zake bila kuniuliza nitamlipaje. Sampuli zilikuwa zimebaki chache. Usiku wa kuamsha zile za mwisho umeme ukakatika, jenereta ikagoma, nikakaa sakafuni karibu na kabati la kuatamishia seli, nikilisemesha kama mtoto mwenye homa. Ukarudi baada ya dakika arobaini. Kesho yake nikainua sahani kwenye mwanga. Kisima cha B, weupe. Kisima cha C cha mtu huyo huyo, damu ya siku ile ile, madoa ya bluu yamejaa kama mchele uliomwagika. Nililia. Mlinzi akaja kuuliza kama nimefiwa.

Makala iliyotokana na kazi hiyo ilikataliwa na majarida matatu. La nne limeikubali mwezi uliopita, na jina la kwanza ni langu. Mnaonijua mtasema najisifu. Ndiyo, najisifu.

Sasa ushauri, mdogo wangu. Wa kwanza: kabla hujaamsha hata seli moja, jua peptaidi zako ni za kirusi cha wapi. Soma lebo. Usipoielewa lebo, uliza, hata kama swali linakuonyesha mjinga. Wa pili unatokana na huo huo: jua kirusi cha washiriki wako ni kipi. Ukiweza kukisoma jeni zake, soma. Usipoweza, tumia mchanganyiko unaobeba aina za mahali pako. Wa tatu, nisamehe, ni ule wa kwanza tena: soma lebo.

Usiruke upande wa pili lakini, ukadhani kinga ya aina moja haiwezi kabisa kuona aina nyingine. Nilipotoka kuaibika nilipita na kosa hilo mwaka mzima, kila kitu nakieleza kwa "aina haziendani". Uganda, 1999, chanjo ya kwanza ya VVU kujaribiwa Afrika ilitolewa kwa watu 40 mjini Kampala, na ilikuwa imetengenezwa kwa kufuata B. Watu walipiga kelele: chanjo ya Wamarekani kwa kirusi cha Waganda? Kelele za haki. Hata hivyo baadhi ya waliochanjwa walionyesha seli zinazotambua hata aina nyingine. Kisha angalia Dar es Salaam. Jaribio la HIVIS-03, lililoanza 2007 pale Muhimbili kwa ushirikiano na Waswidi, lilitumia askari polisi 60 waliojitolea. Chanjo ya kuanzia ilibeba jeni za A, B na C. Ya kuongezea, MVA, yaani kirusi cha jamii ya ndui kilichodhoofishwa, ilibebeshwa jeni za VVU vya Chiang Mai, Thailand. Wiki mbili baada ya dozi ya kwanza ya MVA, waliochanjwa 35 waliopimwa wote walikuwa na mwitikio dhidi ya Gag, na 31 dhidi ya Env. Askari wetu, kirusi cha Thailand, na seli zikaitika. Polisi wale hawasifiwi vya kutosha, nasema ukweli, kwenye nchi ambayo askari akitajwa ni kwa jambo la barabarani.

Na kinyume chake kipo pia, ndipo rafiki zangu huninasa. Nairobi, 2001, walijaribu chanjo iliyofuata A kwa makusudi, kwa sababu A ndicho kirusi cha Kenya, na mawazo mengi yalitoka kwa wanawake wa mtaa wa Pumwani waliofanya biashara ya ngono, waliokuwa wakikutana na kirusi miaka nenda rudi bila kuambukizwa. Mwitikio ukawa hafifu, ikaachwa. Afrika Kusini walichukua chanjo iliyokuwa imeonyesha kinga ya asilimia 31 Thailand mwaka 2009, wakaigeuza ifuate C, wakaijaribu kwa watu 5,407. Februari 2020 ikasimamishwa: maambukizi 129 kwa waliochanjwa, 123 kwa waliopewa dawa bandia. Kirusi kimeendana, chanjo imeanguka. Kuendana peke yake hakutoshi. Kutokujua kama vimeendana ndiko kusikosameheka.

Wenzako wanaosema zote zimefeli wanaitaja PrEPVacc, jaribio la chanjo pamoja na vidonge vya kujikinga. Ninaijua, ilikuwa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, watu zaidi ya 1,500, na upande wa chanjo ukasitishwa mwishoni mwa 2023. Siku ile nilizima simu. Lakini waulize kama wamesoma matokeo ya 2021 ya jaribio la AMP. Watu zaidi ya 4,600, wakiwemo wanawake wa Tanzania na Kenya, walishiriki. Wengine walitundikiwa kingamwili inayoitwa VRC01 kila baada ya wiki nane, wengine dripu isiyo na dawa. Kwa jumla haikuzuia maambukizi. Magazeti yakaishia hapo. Ila walipopanga virusi kwa jinsi vinavyoathiriwa na kingamwili hiyo, ikaonekana kwamba dhidi ya virusi dhaifu kwake ilizuia kama asilimia 75. Shida ni kwamba virusi hivyo ni kama theluthi moja tu ya vinavyozunguka. Umeona mada yako ilipo? Iko kwenye zile theluthi mbili. Mtu atakayekwambia mada imekufa, mwulize hizo theluthi mbili anazifanyia nini.

Mnisikilize vijana, kwa sababu mimi nimeshavuliwa nguo mbele za watu na sina cha kuficha. Tumezoea kupokea. Itifaki imetoka nje, tunaifuata. Kitendanishi kimebaki kwenye friza, tunakitumia. Msimamizi kasema zinatosha, zinatosha. Halafu tunawaandika watu wetu kwamba miili yao haina mwitikio, na maandishi yanabaki miaka mia. Mama aliyekupa mililita arobaini za damu yake asubuhi kabla hajaenda sokoni, unamwandika hana kinga kwa sababu hukusoma herufi moja ya kifuniko. Hiyo ni dhambi. Acheni. Someni lebo!

Nimepandisha sauti, najua. Mume wangu amesoma hapa akasema imekuwa mahubiri ya Jumapili. Na iwe.

Kuhusu njaa, mdogo wangu: ipo. Nilifundisha masomo ya ziada ya baiolojia kwa miaka miwili ili nilipe pango, na bado wakati mwingine mkataba unaisha mwezi Juni mwingine unaanza Oktoba. Panga kwa hiyo miezi. Na tafuta mtu wa kukugawia peptaidi.

Nilimtumia kijana rasimu hii aisome kwanza, nisimwanike bila ruhusa. Alisoma, akaandika "asante dada", kisha kimya. Leo asubuhi amenitumia picha. Ni kisanduku cha friza, kifuniko kina barafu, na chini ya barafu wino mweusi umefifia lakini unasomeka. Gag, B. Ameuliza, "Dada, hiki si ndicho?"

Nimempigia papo hapo. Aliniambia tayari ameshaamsha seli.